Ukoko Uliokishinda Kiwanda: Somo la Historia Kutoka Ziwa Katwe

Kwa wengi wetu neno ukoko ni neno la jikoni. Ni lile tabaka gumu la wali au ugali linalobaki limeshika chini ya sufuria chakula kikishapakuliwa. Watoto huligombania, na anayeosha vyombo hulilaani. Viwandani nako kuna ukoko, ila huo haugombaniwi na mtu. Maji yenye madini yakipita ndani ya bomba la moto, madini huanza kuganda kwenye ukuta wa bomba. Leo ni utando mwembamba kama karatasi, baada ya miezi ni gamba, na mwishowe bomba lililopitisha ngumi halipitishi hata kidole.

Historia tunayofundishwa kuhusu viwanda vya Afrika huwa na maswali matatu: nani alikijenga, nani alitoa fedha, na nani alikuwa madarakani kilipokufa. Katika insha hii nataka kuongeza swali la nne: nani alikuwa na kazi ya kukwangua? Ninasoma mjini Mbarara, nimepanga chumba Biharwe, na wazazi wangu wanaishi Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958 katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Isingiro. Mfano wangu mkubwa hauko mbali na hapa. Ni kiwanda cha chumvi cha Ziwa Katwe, katika wilaya ya Kasese. Lakini kabla ya kufika Katwe inafaa tupitie kwanza kiwanda cha alumina, kwa sababu huko watu wamepambana na ukoko kwa zaidi ya miaka mia moja, na mapambano yao yanatusaidia kuelewa yaliyotokea kwetu.

Sufuria nyingi tunazopikia ni za alumini. Alumini hutokana na unga mweupe uitwao alumina, na alumina hutolewa katika udongo wa mawe uitwao boksiti. Kwa makadirio ya kawaida, tani nne za boksiti hutoa tani mbili za alumina, na tani mbili za alumina hutoa tani moja ya alumini. Njia inayotumika mpaka leo iligunduliwa na mkemia wa Austria, Karl Josef Bayer, alipokuwa akifanya kazi Saint Petersburg nchini Urusi. Hataza yake ya kwanza ni ya mwaka 1888. Wakati huo hakuwa akifikiria sufuria wala ndege. Alitafuta alumina kwa ajili ya viwanda vya nguo, ambako ilitumiwa kushikisha rangi kwenye kitambaa.

Njia ya Bayer ni rahisi kuieleza. Boksiti husagwa, huchanganywa na kostiki soda, ile inayotengenezea sabuni, kisha hupikwa chini ya shinikizo kwa joto la nyuzi 140 mpaka zaidi ya 240, kutegemea aina ya boksiti. Alumina huyeyuka ndani ya soda. Chuma hakiyeyuki, hubaki kama tope jekundu, nalo hutenganishwa. Maji yaliyobaki hupozwa taratibu, na alumina hushuka chini ikiwa fuwele nyeupe. Soda iliyobaki haitupwi. Hurudishwa mwanzo ikapashwe moto na kutumika tena, mzunguko baada ya mzunguko.

Tatizo linaingia katika mzunguko huo. Boksiti karibu daima huwa na silika, na sehemu ya silika hiyo nayo huyeyuka ndani ya soda. Soda inaporudi kwenye mabomba ya kupashia joto, silika, alumina na sodiamu huungana na kushika ndani ya bomba. Ukoko huo hupitisha joto kidogo sana ukilinganishwa na chuma. Kwa hiyo mvuke mwingi zaidi unahitajika kufanya kazi ileile, makaa au mafuta mengi zaidi yanachomwa, na mtiririko unapungua. Hatimaye bomba hufungwa, huoshwa kwa tindikali, na matangi hukwanguliwa kwa vyuma, kwa mashine za kutoboa na kwa maji ya shinikizo kubwa. Ni kazi ya hatari. Soda huunguza ngozi na macho, na tindikali nayo huunguza.

Hapa pana jambo ambalo naomba msomaji alikumbuke, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Katika kiwanda hichohicho, kitu kilichoyeyuka kugeuka kuwa kigumu ni baraka mahali pamoja na ni balaa mahali pengine. Kwenye tangi la kupozea, watu wanangoja kwa hamu alumina igande, kwa maana hiyo ndiyo bidhaa. Kwenye bomba la kupashia, kuganda ndiko kunakoua kiwanda. Ufundi wote wa Bayer ni kuhakikisha vitu vinaganda pale vinapotakiwa, wala si pengine. Na kwa kuwa havitii sikuzote, lazima pawe na mtu wa kukwangua.

Afrika ilikipata kiwanda chake cha kwanza cha alumina mwaka 1960 katika mji wa Fria, nchini Guinea, miaka miwili baada ya nchi hiyo kupata uhuru. Mji huo ulikua kwa ajili ya kiwanda, na umeme na maji yake vilitegemea kiwanda. Mwaka 2012 kazi ilisimama kufuatia mgomo wa wafanyakazi, na uzalishaji haukuanza tena mpaka mwaka 2018. Tukisoma habari za Fria, tunasoma juu ya makampuni, mikataba na serikali. Wale walioingia ndani ya matangi na kukwangua hatuwasomi.

Kwetu Afrika Mashariki hatukupata kiwanda cha alumina, lakini ukoko tuliujua mapema kupitia garimoshi la mvuke. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Baadaye sana, mwaka 1956, njia ya magharibi ilifika Kasese ili kubeba shaba ya Kilembe. Garimoshi la mvuke ni birika kubwa juu ya magurudumu. Maji yanapochemka, mvuke huondoka na madini hubaki, hushika ndani ya boila na kuzuia joto, na chuma kilichokosa maji ya kukipoza huweza kulegea na hata kupasuka. Ndiyo sababu kila karakana ya garimoshi ilihitaji waosha boila: watu waliongoja boila ipoe, wakafungua vizibo, wakasukuma maji kwa nguvu na kukwangua kwa fimbo za chuma. Reli iliyatengea muda maji, mafuta na makaa, na ikaitengea muda kazi ya kuosha. Nadhani hiyo ni moja ya sababu garimoshi hizo zilidumu miaka mingi.

Sasa twende Katwe. Kutoka Biharwe unapita Mbarara, unashika njia ya Ishaka, unavuka mkondo wa Kazinga pale Katunguru, kisha unageuka kushoto kuelekea Ziwa Edward. Ziwa Katwe limo ndani ya shimo la volkano iliyozimika. Ni dogo, kama kilomita za mraba mbili na nusu, na halina mto unaotoka. Chemchemi huleta maji yenye chumvi, jua huyakausha, na chumvi hubaki. Mambo hayo yameendelea kwa maelfu ya miaka.

Chumvi hiyo ilijenga na kubomoa madaraka. Kabla ya ukoloni ilisafiri kwa mitumbwi na kwa vichwa vya wachukuzi mpaka Ankole, Toro, Bunyoro na ng'ambo ya mpaka wa Kongo wa leo. Wafugaji wa Ankole waliihitaji kwa ajili ya ng'ombe, na watu wa milimani waliihitaji kwa chakula. Mfalme Kabalega wa Bunyoro alipigania kulishika ziwa hilo kwa kuwa aliyelishika alikuwa na hazina. Stanley alipita hapo mwaka 1889. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alifika na kujenga ngome, Fort George, karibu na ziwa, na mwaka huohuo akamrudisha Kasagama kwenye kiti cha Toro. Mwanajeshi yule alielewa upesi kwamba kumnyang'anya Kabalega chumvi ni sawa na kumnyang'anya bunduki.

Katika karne yote hiyo, njia ya kutoa chumvi haikubadilika sana. Wanaume huingia ziwani na kuvunja mabamba ya chumvi ya mawe kwa nondo, wakayapakia kwenye chelezo. Pembeni mwa ziwa kuna viwanja vidogo vya maji vilivyotengwa kwa matope na vijiti, na humo wanawake wengi hufanya kazi ya chumvi nyeupe. Maji ya ziwa huingizwa kiwanjani, jua hupiga, na baada ya siku kadhaa chumvi hutanda na kushuka chini. Kisha inakombwa.

Katika miaka ya 1970 serikali ya Uganda iliamua kuleta mashine. Kiwanda kilijengwa kando ya ziwa na kampuni ya Thyssen ya Ujerumani Magharibi. Wazo lilikuwa zuri: badala ya kungoja jua, maji ya ziwa yapashwe moto ndani ya mitambo, yavukizwe, na chumvi itolewe kwa wingi ili Uganda isinunue chumvi nje. Kiwanda kilifanya kazi muda mfupi sana, kikasimama. Maelezo yanayojulikana zaidi ni kwamba mabomba ya kupashia joto yaliliwa na maji yale ya chumvi. Majengo yake na vyuma vyake vyenye kutu bado viko pale, na mgeni yeyote huviona.

Nilipofika Katwe na wanafunzi wenzangu, tulikaa kwenye viwanja vya chumvi karibu siku nzima. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa ameinama na beleshi lake anajuaje wakati wa kukomba. Alinijibu kwa Kiswahili cha kwao: "Mwanangu, ukiharakisha unakomba matope. Ukichelewa inashika chini kama jiwe, na chumvi mbaya inapanda juu ya nzuri." Nikamuuliza chumvi mbaya ni ipi. Akachukua kidogo akaniwekea ulimini. Ilikuwa chungu, na ladha yake ilikuwa kama ya magadi tunayopikia maharagwe.

Jibu la mama yule ni kemia, ingawa halikutamkwa kwa maneno ya maabara. Maji ya Katwe hayana chumvi ya mezani peke yake. Yamechanganyika na magadi, yaani sodiamu kabonati, na sodiamu salfeti. Vitu hivi haviyeyuki kwa tabia moja. Sukari ikipata joto huyeyuka zaidi, na wengi wetu hudhani kila kitu kiko hivyo. Chumvi ya mezani haibadiliki sana. Lakini sodiamu salfeti ikishapita nyuzi 32 hivi za joto, huanza kuyeyuka kwa shida zaidi kadiri joto linavyopanda, na inapoungana na kabonati kuwa chumvi mseto hufanya vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba katika maji kama ya Katwe, mahali penye moto kuliko pote ndipo ukoko unapopenda kushika. Na ndani ya mtambo wa kuvukiza, mahali penye moto kuliko pote ni ukuta wa bomba la kupashia. Viwanda vya karatasi duniani vinaijua adha hiyo kwa muda mrefu, kwa sababu maji yao machafu yana mchanganyiko wa aina hiyohiyo.

Kuna jambo la pili. Kutu na ukoko ni ndugu. Chini ya gamba la ukoko maji ya chumvi hunaswa, hayasukumwi na mtiririko, huzidi ukali na kuendelea kula chuma pale pale. Anayefungua bomba na kukuta limetoboka husema limeliwa na kutu, na anasema kweli. Lakini mara nyingi kutu hiyo ilijificha chini ya blanketi la ukoko. Bomba lisilokwanguliwa halizibi tu, hutoboka pia.

Katika kiwanja cha mama yule, hakuna bomba. Jua hupiga juu, maji huondoka juu, na chumvi huanzia juu kabla ya kushuka chini. Hakuna ukuta wa moto wa kuzibwa. Ukoko wenyewe ndio mavuno. Kile kile ambacho ndani ya kiwanda kilikuwa ugonjwa, mita chache kutoka hapo kilikuwa chakula cha watoto na ada ya shule.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema kiwanda cha Katwe kilikufa kwa sababu ya utawala wa Idi Amin, kwa sababu ya vita vya mwaka 1979, kwa sababu ya ukosefu wa fedha za kigeni. Sikatai. Kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kuliondoa mafundi na wafanyabiashara wengi nchini, na miaka iliyofuata vipuri vilikuwa adimu kila mahali. Lakini tuangalie namna siasa inavyoingia kiwandani. Haiingii kwa miguu. Inaingia pale tindikali ya kuoshea inapokosekana, pale bomba la akiba linapokwama bandarini, pale fundi anayejua siku ya kufunga na kukwangua anapokimbia. Kiwanda cha saruji au cha sabuni kinaweza kuvumilia uzembe kwa muda. Kiwanda kinachochemsha maji ya Katwe hakivumilii. Ukoko haumuulizi mtu rais ni nani. Unahesabu siku tu. Kwa hiyo kusema "siasa ilikiua" bila kutaja ukoko ni kusema mtu amekufa kwa umaskini bila kutaja malaria.

Tunafundishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba, na methali hiyo hutumiwa kutuhimiza kuweka akiba. Ndani ya bomba methali hiyo hugeuka onyo. Nayo inayofuata ni ile ya usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa nini mambo haya yanihusu mimi, kijana wa Nakivale? Kwa sababu sisi tunaishi ndani ya miradi. Katika makazi yetu nimeona pampu ya maji iliyozinduliwa kwa hotuba, mahema na picha. Iliandikwa gharama yake kwenye bango, na majina ya waliotoa fedha. Halikuandikwa jina la mtu wa kuisafisha, wala siku ya kuisafisha. Iliposimama, akina mama walirudi kwenye foleni ya madumu, na dada zangu wakachelewa shule. Watu walisema ni bahati mbaya. Si bahati mbaya. Kifaa kinachogusa maji kila siku kitashika uchafu na ukoko kila siku, na mradi usio na bajeti ya kukwangua umeshapangiwa siku yake ya kufa tangu siku ya uzinduzi.

Pia mara kwa mara pamekuwa na mazungumzo ya kukifufua kiwanda cha Katwe. Nchi zetu zote sasa zinasema hazitaki kuuza malighafi, zinataka kuongeza thamani nyumbani. Guinea inayataka makampuni yajenge viwanda vya alumina badala ya kusafirisha boksiti tupu. Naunga mkono. Lakini thamani haiongezwi na mashine peke yake. Anayetaka kuchemsha maji ya Katwe tena aanze kwa kuyasikiliza maji yenyewe: yana nini, yanaganda lini, yanashika wapi. Na wanaojua sehemu kubwa ya majibu hayo wameinama pale kando ya ziwa na mabeleshi. Wakiachwa nje ya mradi, watapoteza viwanja vyao, na kiwanda kitapoteza elimu yao. Hasara itakuwa mara mbili.

Hapa Biharwe tuna mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua. Masimulizi yanasema jeshi la Bunyoro lilikuwa likirudi na ng'ombe waliotekwa, giza likaingia mchana, na wapiganaji wakakimbia wakaacha mifugo. Wanahistoria walikwenda kuhesabu mwendo wa jua na mwezi, na tukio hilo huwekwa kwenye mwaka 1520. Tumekubali kwamba jambo la maumbile linaweza kuwa ushahidi wa historia ya wafalme. Basi tukubali pia kwamba gamba lililo ndani ya bomba bovu ni ushahidi wa historia ya viwanda. Ukilikata unaona tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka ni muda uliopita bila mtu kukwangua. Mwanafunzi wa historia atakayekwenda Katwe asiishie kwenye faili za wizara. Avae buti, achungulie ndani ya mabomba, halafu apite viwanjani akawaulize kina mama. Majibu ya swali la nne yako huko.